Wakili Aliyemwita Shahidi Mjomba

Avril Charlton aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyemlilia, hata yeye mwenyewe. Kesho yake tu alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la samaki na chipsi hapa Hartlaw, mji wetu wa makaa ya mawe, kaskazini mwa Uingereza, akinyunyiza siki na kuwatania wachimbaji waliotoka zamu. Kwa mdomo hakuwa na mpinzani. Mtu akilalamika kwamba kapewa samaki mdogo, Avril alimjibu, "Wewe nawe ulizaliwa mdogo, mbona mama yako hakukurudisha?" Foleni nzima ilicheka, na mlalamikaji akalipa.

Bwana Bewick, wakili wetu wa ofisini, yule wa talaka na mirathi, alikuwa akija kununua samaki kila Ijumaa. Siku moja akamwona Avril akiamua ugomvi wa wanaume wawili waliokuwa karibu kupigana ngumi, naye hakuacha hata kufunga chipsi.

"Binti," akamwambia, "mdomo huo unaupotezea kwenye siki. Njoo kwangu upokee simu."

Basi akaenda. Wanawake walioingia pale wakilia, Avril aliwapa chai, akawasikiliza, akawauliza hili na lile, na walipofika mbele ya Bwana Bewick habari yote ilikuwa imeshanyooka. Mzee akaanza kumchukua mahakamani kumbebea mafaili. Huko ndiko alikowaona mawakili wa mahakamani, wale wanaotoka Newcastle na majoho yao meusi, wakisimama na kubishana mpaka jioni. Avril akawatazama, akamnong'oneza Bwana Bewick, "Yaani hawa wanalipwa kwa kubishana? Mimi nimebishana bure miaka yote hii!"

Tangu siku hiyo hakutulia. Akasoma sheria nyumbani, kwa masomo ya posta, kwenye meza ya jikoni kwa baba yake, vitabu vikinukia supu ya njegere. Alisoma miaka mpaka majirani wakaacha kuuliza. Shahada akaipata, lakini daraja lenyewe, jamani, ukimuuliza alikuwa anakohoa kwanza. Akapita na mitihani ya uwakili, mmoja kwa kurudia. Kisha akaomba nafasi ya kujifunza kazi katika nyumba za mawakili, zile ofisi ambamo mawakili wa mahakamani hukaa pamoja, na nyumba baada ya nyumba ikamjibu kwa heshima kwamba hapana. Moja tu ya Newcastle ndiyo iliyomkubali. Alipoingia pale alikuwa na miaka thelathini na minane, viatu vipya vinambana, na moyo unamdunda kama wa bibi harusi.

Walikuwa wanafunzi wawili mwaka ule. Mwenzake alikuwa Crispin, kijana wa Cambridge, mpole, mwenye akili, anayegawa biskuti zake bila kuombwa. Ungetaka kumchukia ungeshindwa. Tabu ni kwamba nafasi ya kubaki ilikuwa moja. Mwisho wa mwaka mawakili wa nyumba ile wangekaa wapige kura, mmoja abaki, mwingine aage. Na kwa Avril, kuaga pale kulikuwa ndio kuaga kazi yenyewe. Nani tena angemchukua, kwa umri ule na shahada ile?

Mkuu wa nyumba alikuwa Bwana Maudsley, mtu mrefu, safi, anayezungumza kana kwamba kila neno limepigwa pasi. Yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha Avril, na aliteseka sana. Sisi watu wa makaa tunamwita kila mtu "mpenzi", awe dereva wa basi au mwizi. Wiki ya kwanza tu Avril alimwambia karani wa mahakama, mbele ya hakimu, "Asante, mpenzi."

"Bi. Charlton," Bwana Maudsley akamwambia nje, akiwa amefumba macho, "mahakamani hatuna wapenzi."

"Ndiyo maana watu hawapendi kuja, bwana," Avril akajibu. Kisha akajiuma ulimi. Akaanza kujinyoosha: akaiga sauti ya Bwana Maudsley, akaiga na kikohozi chake. Sisi huku Hartlaw akitupigia simu tulidhani ni mtu wa benki.

Wiki ya kura ikafika. Jumatatu asubuhi Bwana Dodds, karani wa nyumba ile, yule anayegawa kesi na ambaye mawakili wote humwogopa kimyakimya, akamwita mezani kwake.

"Bi. Avril, kuna kesi ya kwenu Hartlaw, Jumatano. Mtu anashtakiwa kwa kukata liki."

Avril akakaa chini bila kuambiwa.

Ngoja nikuambie. Kwetu liki, ile mboga ndefu ya jamii ya kitunguu, si kitu cha kutia kwenye supu. Wanaume wa Hartlaw huotesha liki za mashindano, nene kama paja la mtoto, huzinywesha bia, huziimbia, na mashindano yakikaribia hulala nazo bustanini kama mtu na mgonjwa wake. Mtu akiua mtu, Hartlaw tutauliza kwanza marehemu alimfanya nini. Akikata liki za mwenzake, hatuulizi kitu.

"Nani kakatiwa?" Avril akauliza.

"Bwana Thomas Robson."

Huyo ni Tot Robson, rafiki wa chanda na pete wa baba yake, aliyembeba Avril mabegani tangu hajaota meno.

"Na anayeshtakiwa?"

"Bwana Matthew Hedley."

Lahaula! Matty Hedley, bingwa wa liki, adui wa mzee Wilf Charlton tangu siku liki yake ilipoishinda ya Wilf kwa upana wa unywele. Wilf na Matty walikuwa hawapiti upande mmoja wa barabara. Sasa Avril, binti wa Wilf, ndiye wa kumtetea.

Na kukataa hakuna. Mawakili wa mahakamani wana sheria yao, wameilinganisha na teksi kituoni: abiria aliye mbele ndiye wako, umpende usimpende. Kesi ikija nawe una nafasi, unaichukua. Walakini watu ni watu, na njia za kukwepa zipo. Bwana Dodds akashusha sauti.

"Ukitaka, nitasema una miadi ya jino. Wengine wote hapa wana meno mabaya kesi za namna hii zikija."

Avril akafikiria uso wa baba yake. Akafikiria na kura ya Ijumaa. Wallahi alitamani lile jino. Lakini akaona, kama anaukana uwakili leo kwa sababu ya liki, Ijumaa atawaomba wampe kitu gani?

"Meno yangu mazima, Bwana Dodds. Nipe faili."

Jioni ile akamwambia baba yake mezani. Mzee Wilf akaweka uma chini.

"Unamtetea Matty?"

"Baba, ni kama teksi. Aliye mbele ndiye unayemchukua."

"Teksi ya Hartlaw haimchukui Matty Hedley! Atembee!"

"Baba, hata hujui kama ni yeye."

"Najua sura yake, yatosha." Mzee akasimama, akachukua sahani yake ya pai, akaenda kuila bustanini na liki zake. Hakusema naye tena, si jioni ile wala asubuhi yake. Avril akaosha vyombo huku anajiuliza kama atapoteza vyote viwili wiki moja, kazi na baba.

Jumatano mahakama yetu ilijaa mpaka ukutani. Avril alikuwa amekwisha kumweleza mwendesha mashtaka kwamba shahidi anamfahamu, na mwendesha mashtaka akacheka tu, akasema anayetafuta Hartlaw wakili asiyemfahamu shahidi atangoja mpaka kiama. Mahakimu walikuwa watatu, raia wa kujitolea, na aliyekaa katikati alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye miwani ya kamba. Mzee Wilf alikaa mbele kabisa kwenye viti vya watazamaji, mikono kaikunja. Na nyuma, karibu na mlango, Avril akamwona mtu mrefu, safi. Bwana Maudsley alikuwa amekuja mwenyewe kumtazama.

Tot akapanda kizimba cha mashahidi na suti yake ya misibani. Akasema: alfajiri ile, akiwa mlangoni pa kibanda chake, alimwona Matty Hedley akitoka kwenye liki zake na kisu mkononi. Akatokwa na machozi alipozitaja, na nusu ya watazamaji wakapenga kamasi.

Avril akasimama. Maswali yake alikuwa ameyaandika vizuri, ameyapiga pasi kama ya mwalimu wake.

"Bwana Robson, naomba uiarifu mahakama hii tukufu hali ya mwanga ilivyokuwa wakati huo."

Tot akamtazama kama anayemtazama mtu wa kodi. "Nilimwona Matty."

"Je, ungeweza kukadiria umbali uliokuwepo baina yako na mhusika?"

"Nilimwona Matty."

"Naweka mbele yako, Bwana Robson, kwamba..."

"Weka unachotaka. Nilimwona Matty."

Kila swali likawa kama kumrushia njegere ng'ombe. Matty kwenye kizimba cha washtakiwa amekuwa mweupe, mzee Wilf anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, na nyuma kule Bwana Maudsley anachunguza kucha zake. Avril akaona kazi yake inazama mbele ya macho yake. Akaghadhabika, na kwa ghadhabu akasahau Newcastle yote.

"We Mjomba Tot, acha hizo! Ulimwona Matty, au uliona mtu?"

Mwalimu mkuu akavua miwani. Avril akatamani ardhi ipasuke immeze na faili lake. Kumwita shahidi wa upande wa pili mjomba, kumfokea kama yuko jikoni, na mkuu wa nyumba anasikia!

Lakini Tot alikuwa amebadilika uso. Akajikuna shingo. Akamtazama yule mtoto wa mabegani.

"Sasa mwanangu, ukiniuliza hivyo..." akasema polepole. "Kulikuwa na ukungu. Niliona mtu. Niliona kofia."

"Kofia gani, mjomba?" Maji ameshayavulia nguo, afanyeje?

"Kofia bapa tu. Kama ile ya baba yako pale."

Mahakimu wote watatu wakageuka kutazama. Viti vile vilikuwa na wanaume wa Hartlaw mstari kwa mstari, na kila mmoja kapakata kofia bapa ya kijivu. Zikaanza kutoweka moja moja, chini ya makoti, chini ya makalio. Ya mzee Wilf ikaanguka, akaifunika kwa kiatu.

"Kwa hiyo uso hukuuona?"

"Sikuuona, mpenzi. Nilikuwa na uchungu, nikataka awe Matty." Tot akapangusa macho. "Ungeniuliza vizuri tangu mwanzo."

Matty akaachiwa. Aliyekata liki zile hajulikani mpaka leo, na mimi nina mawazo yangu ila sitaki kesi. Nje Matty alimletea Avril liki kubwa ya shukrani. Avril akamwambia aiondoe upesi kabla baba hajatoka.

Mzee Wilf alitembea naye mpaka kituo cha basi bila neno. Basi lilipoonekana akakohoa.

"Umemfanya Tot aseme kweli mbele za watu," akasema. "Mke wake kashindwa tangu waoane." Akampa nauli mkononi kama mtoto wa shule. Avril akacheka, kisha akakumbuka kwamba Bwana Maudsley alikuwa ameondoka mapema bila kumtazama, na kicheko kikakatika.

Ijumaa mawakili wakapanda ghorofani kupiga kura. Avril na Crispin wakakaa chini kwa Bwana Dodds, wanakula biskuti kama watu waliofiwa. Simu haikunyamaza. Dodds anapokea, anaandika, anapokea tena.

"Nani hao?" Crispin akauliza.

"Mawakili wa ofisini wa miji ya makaa, wale wanaotuletea kesi. Wote wanamtaka yule wa mjomba." Dodds akabeba sinia la chai, akapanda nalo ghorofani, akarudi na uso usiosomeka. Kisha kengele ikalia, na aliyeitwa kwanza alikuwa Avril.

Bwana Maudsley alikuwa peke yake, amesimama dirishani.

"Bi. Charlton. Sikukuficha kamwe nionavyo kuhusu masomo yako. Juzi nilikwenda Hartlaw kutafuta sababu ya kukupinga, na ulinipa sababu nzuri kuliko nilivyotarajia."

"Naelewa, bwana."

"Kisha nikamtazama yule shahidi alivyokuangalia." Akageuka kutoka dirishani. "Mashahidi wananiogopa, Bi. Charlton, au wananidanganya. Mimi hakuna aliyepata kuniangalia hivyo."

Avril akajua huko ndiko kuagwa kwa adabu, maneno matamu ya mlangoni. Akajikaza asilie mbele yake, akanyoosha mkono amshukuru kwa mwaka mzima.

Bwana Maudsley akautazama ule mkono. Hakuushika. Mikono yake akaiweka nyuma ya mgongo.

Mawakili wa nyumba ile hawapeani mikono wao kwa wao. Ni desturi yao ya kale: ndugu wa nyumba moja hasalimiwi kama mgeni. Wageni ndio hupewa mkono, na mwaka mzima, kila asubuhi, Bwana Maudsley alikuwa akimpa Avril mkono mlangoni, kama anavyompa mtu wa posta na mteja wa njiani. Avril alilijua hilo vizuri, na kila asubuhi lilikuwa likimchoma.

Mkono wake ukabaki pale hewani. Akautazama, akamtazama Bwana Maudsley, akautazama tena. Ndipo akaanza kulia, kilio cha Hartlaw chenye sauti, kilichosikika mpaka barabarani, na Bwana Maudsley, ambaye hakuna chuo kilichomfundisha la kufanya hapo, akafungua mlango akamwita Dodds alete chai nyingine.