Hati ya Kumpekua Mjane

Baba alipofariki, mama alikaa eda katika chumba cha ndani cha nyumba yetu ya Malindi, nami nikaomba ruhusa shuleni nilikokuwa nikisomesha ili nikakae naye. Miezi minne na siku kumi mjane haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Hajipambi, hatii manukato, hatoki ila kwa dharura. Mama aliishika eda yake kwa moyo wote. Hata muuza maziwa akiita mlangoni, yeye alinyamaza mpaka niitike mimi.

Mpwa wa baba, kijana aliyekuwa akitunza bustani ya mzungu mmoja upande wa mahotelini, alikuwa amelala kwetu wakati wa matanga, kisha akarudi kazini. Hazikupita siku nyingi, nyumbani kwa yule mzungu zikaibwa kamera na mikufu ya dhahabu. Kijana akakamatwa, akapigwa, na alipoulizwa jamaa zake wanakaa wapi, akataja kwetu.

Walikuja asubuhi nikichagua mchele, inspekta na askari wawili. Nilisimama mlangoni nikawaambia ndani kuna mwanamke aliye edani.

"Hatutakawia," inspekta alisema.

"Mna hati ya hakimu?"

Nilijua kuuliza hivyo kwa sababu nilikuwa nikisomesha somo la uraia. Watoto niliwaandikia ubaoni kwamba nyumba ya mtu haipekuliwi hivi hivi tu. Nilitaraji inspekta abishe, au anisukume apite. Alinitazama, akavua kofia, akaketi barazani kwetu kama aliyekaribishwa.

"Mwalimu anataka sheria," alimwambia mmoja wa askari wake. "Nenda mahakamani ukamletee."

Wakakaa pale mpaka adhuhuri. Mtaa mzima ulipita kuwatazama. Waliotoka msikitini walipunguza mwendo. Jirani yetu mmoja, aliyezoea kumletea mama uji, alifika na bakuli lake, akawaona, akageuka nalo. Niliingia kumpa mama habari. Nikamwambia huenda hakimu akakataa.

"Akatae kwa nini?" mama aliuliza. "Ananijua?"

Hati ililetwa na askari zaidi, mmoja wao mwanamke wa kutoka bara. Niliisoma nikitafuta kosa, nisilione. Jina la baba lilikuwamo, na muhuri, na saini. Nikaomba nimpeleke mama kwa jirani kwanza.

"Hatoki mtu," inspekta alisema. "Asije akatoka na mali ya watu."

Walichana magodoro, sufi ikajaa uani. Mchele wangu waliumwaga chini wakitafuta mikufu ndani yake. Kanzu za baba, ambazo mama alizikunja azitoe sadaka, zilikanyagwa kwa viatu. Hawakuwa na haraka. Kila walipopasua kitu, inspekta alinitazama mimi. Mwisho yule askari mwanamke akaingia chumbani kwa mama na kuuacha mlango wazi, na wanaume wamesimama ukumbini. Niliusukuma nipate kuufunga. Askari mmoja akauzuia kwa mguu.

"Simama, mama. Toa hiyo leso."

"Mwanangu, kuna wanaume hapo."

"Mimi si mwanao. Toa."

Mama akainua mikono yote miwili akajifunika uso, kwa hiyo hakubaki na mkono wa kuishika leso aliyojitanda. Ilivutwa ikaanguka. Akapapaswa mwili mzima, akageuzwa, akapapaswa tena. Inspekta alikuwa amesimama mkabala na mlango, na hakugeuza uso.

Hawakupata kitu. Inspekta akanipa karatasi iliyosema kwamba hakuna kilichochukuliwa wala kuharibiwa. Nikakataa kutia saini.

"Basi kesho nitakuja na hati nyingine," alisema. "Hakimu yupo kila siku."

Nikatia saini.

Nilipokwenda kituoni kushtaki, mkubwa wao alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Hati ulionyeshwa? Mwanamke alipekuliwa na mwanamke? Sasa unashtaki nini?" Mikufu ilikuja kupatikana Marereni, kwa dereva wa yule mzungu. Kijana wetu akaachiliwa akiwa hasikii sikio moja. Kwetu hakuja mtu kutuambia neno.

Sheikh alisema eda ya mama haikuvunjika, kwani aliyelazimishwa hana dhambi. Wanawake wa mtaani walikuwa na fatwa yao wenyewe. Walisema mwenye nyumba safi haletewi askari, na wengine wakaapa kwamba mkufu ulipatikana kiunoni mwa mama. Siku ya kutoka eda, shughuli ambayo huujaza ua, walikuja wawili. Mama aliwashukuru, akaoga, akavaa. Walipokwisha kuondoka akaniita.

"Asubuhi ile walikuwa wanaume watupu," alisema. "Wangepekua wakaenda zao. Kunigusa mimi wasingethubutu. Wewe na sheria yako ndio mlionitafutia mwanamke wa kunivua."

Hakupaza sauti. Mpaka leo sijui kama ndivyo ingekuwa.

Akahamia Mambrui kwa dada yake, akaniagiza nisimfuate mpaka aniite. Uliisha mwaka mzima hajaniita, nikaenda hivyo hivyo. Alinipokea vizuri. Akanitandikia mkeka ukumbini, akaniletea kahawa na halua, akaniuliza habari za safari na za kazi. Nilipoinuka nimfuate chumbani, alisema hapana haja, wageni hukaa hapa.