Semina ya Chakra Niliyohudhuria kwa Niaba ya Mke Wangu

Mke wangu ndiye aliyejiandikisha, si mimi. Lakini wiki mbili kabla ya semina aliteleza kwenye ngazi za mlango wa nyuma akiwa amebeba beseni la nguo, akavunjika kifundo cha mguu, hospitalini wakamfunga plasta hadi karibu na goti. Semina yenyewe ilikuwa ya kukaa sakafuni Jumamosi na Jumapili, miguu imekunjwa. Plasta haikunjiki.

"Utaenda wewe," akaniambia. Alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, mguu juu ya mito miwili. Cherehani yake, ambayo kwa kawaida haipumziki, ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Kupumua. Uandike wanachosema, uniletee."

"Si umpigie mwalimu wao umwambie umeumia? Utaenda ile nyingine."

"Baba, nafasi ni yangu na nimekupa wewe. Enda."

Nilikuwa nimestaafu ualimu miaka mitatu kabla ya hapo. Nilifundisha hisabati na fizikia katika shule kadhaa za sekondari, ya mwisho ikiwa Ahero, ambako mvua kubwa zikija tulibeba madawati na kuyapandisha jukwaani ili maji yapite. Baada ya kustaafu nilirudi nyumbani kwetu Kisian, karibu na Kisumu, nikakaa. Neno chakra nililisikia kwa mke wangu, naye alilisikia kwa mteja aliyekuja kupimwa gauni. Sikubishana naye sana. Sikuwa na jambo jingine la kufanya mwisho wa wiki ule, wala ule uliofuata.

Semina ilifanyika katika ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni upande wa Dunga, madirisha yakitazama ziwa. Asubuhi ile wadudu wadogo wa ziwani, wale tunaowaita sam, walikuwa wameganda kwenye vioo kama masizi, na mhudumu alikuwa akiwafagia kwa ufagio mkavu. Viatu viliachwa nje. Niliona soksi yangu ya kulia ina tundu, nikazivua zote mbili.

Tulikuwa watu kumi na wawili, wengi wao wanawake. Kila mmoja alipewa mkeka na mto. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mrefu, ambaye zamani alifanya kazi hospitalini ya kuwanyoosha viungo watu waliopata ajali, kisha akaenda India kusomea mambo haya. Alizungumza Kiswahili chetu cha Kisumu, Kijaluo kikiingia na kutoka kinavyotaka.

"Oyawore uru," akatusalimu, tukaitikia. "Hapa hakuna dini. Kama una yako, kaa nayo, hakuna atakayeisumbua. Tutapumua tu."

Akaeleza kwamba mwili una vituo saba vya nguvu, kuanzia chini ya uti wa mgongo hadi utosini, na kila kimoja kina rangi yake na sauti yake. Hivyo ndivyo vinaitwa chakra. Cha chini kabisa ni chekundu, kinachofuata ni cha rangi ya machungwa, halafu njano, na kuendelea hadi zambarau. Niliandika yote katika daftari. Nilipofika zambarau nikatambua kwamba ni rangi zilezile, kwa mpangilio uleule, nilizokuwa nikiwaonyesha wanafunzi kwa kipande cha kioo na mwanga wa dirishani. Nikaandika pembeni: upinde wa mvua. Nikapiga mstari chini yake.

Tulianza na kituo cha kwanza. Tulifumba macho, tukavuta pumzi, tukatoa sauti moja nzito kwa pamoja. Niliitoa sauti hiyo mara tatu, kisha nikafungua macho niandike idadi ya pumzi. Mwalimu alikuwa amesimama mbele yangu. Aliinama akaichukua kalamu mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Mzee, hii utaipata saa sita," akaninong'oneza.

Bila kalamu sikujua mikono iwekwe wapi. Niliiweka magotini. Niliambiwa nifikirie rangi nyekundu, nikaifikiria; ilikuja kama mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu wa zamani, ambao ulipakwa rangi hiyo. Miguu ilikufa ganzi. Nilisikia injini ya mashua ikipita mbali, mtu akikohoa, tumbo la mtu likinguruma. Nilisubiri kitu kitokee mgongoni, lakini hakikutokea.

Kisha mwalimu aligonga bakuli la shaba kuashiria tumehama kituo. Sauti ilikuwa kali na ndefu. Nikasimama. Sikukusudia, nilisikia kengele, mwili ukainuka kama ulivyoinuka kila kipindi kilipokwisha, zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa nimeshaanza hata kutafuta chaki kwa macho. Wengine wote walikuwa wamefumba macho, na mwalimu peke yake ndiye aliyeniona. Alinionyesha kwa kiganja kwamba nikae, nikakaa. Niliona aibu kidogo, halafu aibu ikaisha, na sauti ya bakuli ilikuwa bado haijaisha.

Baada ya chakula cha mchana tulifika kituo cha moyo, rangi ya kijani. Mwalimu alitupanga wawili wawili, uso kwa uso, tutazamane dakika tatu bila kusema neno. Mimi niliwekwa na mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyekuja na kitambaa cheupe kichwani. Nilimtazama. Katika miwani yake niliona dirisha, na ndani ya dirisha niliona magugumaji yakisogea juu ya ziwa. Nilijaribu kukadiria mwendo wa magugumaji hayo. Baada ya muda machozi yalimtoka yule mama, yakafuata njia ya pua hadi mdomoni, naye hakuyafuta. Sikujua kama nitazame pembeni au niendelee. Maagizo yalikuwa ni kutazama, kwa hiyo niliendelea.

Bakuli lilipogongwa akavua miwani, akacheka.

"Japuonj," akasema, maana yake mwalimu, ingawa sikuwa nimemwambia kazi yangu. "Umeniangalia kama mtu anasahihisha."

"Samahani, mama."

"Hapana, usiombe. Nimepata ngapi?"

Tulienda kunywa chai kwenye baraza, naye akaniambia kwamba ni mke wa mchungaji, na kwamba mume wake anajua yuko kwenye semina ya kina mama kuhusu lishe.

"Si uongo sana," akasema. "Si nimekula hapa? Na wewe, nini imekuleta?"

"Mke wangu amevunjika mguu."

"Mimi sikuuliza mambo ya mguu."

Nikamweleza upya, kwamba nafasi ilikuwa ya mke wangu, na mimi nimekuja kuandika. Akanitazama kwa muda, safari hii bila kuambiwa na mtu. Akauliza kama mke wangu ana maumivu. Nikasema hana, daktari amesema mfupa unaunga vizuri. Akauliza nani yuko naye nyumbani. Nikasema jirani hupita. Akamaliza chai yake, akageuza mazungumzo yakawa ya mandazi.

Jioni nilipofika Kisian nilisikia redio yetu tangu langoni. Ilikuwa imefunguliwa kwa nguvu, wakipiga benga, muziki ambao mimi husema unaniumiza kichwa. Jirani alikuwa pamoja na mke wangu, wamekula njugu, maganda yametapakaa mezani, wanacheka jambo ambalo lilikwisha nilipoingia. Jirani aliaga. Mke wangu akapunguza redio. Nikamsomea nilichoandika, kurasa nne, akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Kesho pia unaenda?" akauliza.

"Si ni siku mbili?"

"Ndiyo, ni mbili," akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Jumapili tulibaki na koo, kituo cha katikati ya macho, na utosi. Mke wa mchungaji alichelewa; alikuja saa nne na nusu akiwa na sare ya kanisani, baada ya ibada ya kwanza, akavua viatu vya kisigino kirefu mlangoni, akaketi mkekani karibu yangu. Siku hiyo sikuomba kalamu. Sikuona rangi wala nuru. Katika kituo cha mwisho nadhani nilisinzia, au nilikaa muda fulani bila kufikiria kitu, jambo ambalo mwalimu alisema ndilo lengo. Sina njia ya kujua lipi kati ya hayo mawili lilitokea. Tulipoagana mke wa mchungaji alinipa mkono. "Msalimie mama," akasema. "Umuulize mambo ya kuuliza."

Niliporudi nilitaka kuimaliza kazi niliyotumwa. Nikamwambia mke wangu nitamwongoza, kituo kwa kituo, alale tu hapo kochini. Nikavaa miwani, nikafungua daftari, nikaanza. Vuta pumzi hesabu nne. Zuia hesabu nne. Toa hesabu nne. Tulipofika cha tatu nikasikia kochi linatetemeka. Alikuwa anacheka bila sauti, mkono mdomoni.

"Unasoma kama unasimamia mtihani," akasema. "Umebaki kuniambia dakika zilizobaki."

"Wewe ndiye uliyetaka."

"Sikutaka hii." Alivuta shuka. "Baba, nikuambie kitu na usikasirike?"

"Sema."

"Mimi sijui chakra ni nini. Yule mteja aliponiambia ni siku mbili, mtu anakaa kimya hakuna anayemuita, nikasema hiyo ndiyo nataka. Sasa mguu ukavunjika. Nikafikiria, basi kama siwezi kutoka mimi, atoke yeye."

"Atoke nani?"

"Wewe."

Nilifunga daftari. Akaendelea, bila ukali. Alisema kwa miaka yote ile nilikuwa natoka alfajiri narudi jioni, na nyumba mchana ilikuwa yake, na cherehani, na redio. Sasa mimi nipo. Niko mezani, niko mlangoni, nauliza mteja ni nani, nauliza chakula ni saa ngapi, nasema redio iko juu. "Hujafanya kosa," akasema. "Uko tu. Kila saa uko."

Nilitoka nje kuanua nguo kwenye kamba, kwa kuwa yeye hangeweza. Zilikuwa zimekauka muda mrefu. Nilizikunja moja moja palepale uani, jambo ambalo si kawaida yangu, na nilipokuwa nazikunja nilijaribu kuangalia kama nimeumia. Nilikuwa nimeumia kiasi. Zaidi nilishangaa kwamba maelezo yake yalikuwa sahihi na mimi sikuwahi kuyaona, wakati nilikuwa pale kila siku.

Niliingia na nguo nikamuuliza, "Siku mbili zilitosha?"

"Zilikuwa tamu," akasema. Kisha akaona uso wangu, akaongeza, "Na uliporudi pia nilifurahi. Zote mbili ni kweli."

Plasta ilitolewa mwezi uliofuata. Tangu wakati huo mimi hutoka kila Jumamosi asubuhi. Wiki za kwanza nilizunguka tu, nikatembea hadi ufukweni na kurudi, nikasoma gazeti lote pamoja na matangazo ya vifo. Kisha shule moja ya kutwa karibu na barabara ya Busia ikaniomba niwasaidie wanafunzi wa kidato cha nne kwa hesabu za vekta, nikakubali. Hurudi saa kumi. Mke wangu huniuliza walikuwaje, nami humwambia, na simuulizi mchana wake ulikuwaje asipoanza mwenyewe kunisimulia.

Mwezi uliopita aliomba nitoke na Jumatano pia. Nimemwambia nitaifikiria.