Kolamu ya Baba Yaachwa Tupu

Kwa miaka kadhaa, karibu kila mbuzi wa maziwa aliyesajiliwa na chama kimoja cha wafugaji karibu na Kaaga alikuwa na baba yule yule: Jemedari, beberu wa Mzee Mbae, mwenyekiti wa chama. Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya. Mwenyekiti hukaa kando ya meza ya usajili, na mfugaji asiyejua mbuzi wake kapandwa na nani aliona ni utovu wa adabu kutaja beberu wa mtu mwingine mbele yake. Jemedari aliendelea kupata watoto miezi mingi baada ya kuchinjwa kwenye sherehe ya mahari ya binti wa mwenyekiti.

Aliyeyachapa majina hayo ni Sheila Kanana, karani wa kompyuta wa chama. Ana diploma, na hacheki ovyo.

Mwaka huu kikundi cha akina mama kutoka Embu kilikuja kutafuta mitamba wa kuzalisha. Mkaguzi wao aliisoma sajili, kisha akauliza kwa upole, "Huyu Jemedari hupumzika lini?"

Kamati ikaamua majina yote ya baba yafutwe, na kila mfugaji aandikishe upya akiwa na shahidi. Kolamu yenyewe ibaki, kwani cheti cha ukoo cha kila mbuzi huchota jina humo. Ukiing'oa, cheti hakichapishwi. Uamuzi ulipita kwa kauli moja, kila mjumbe akiamini unamhusu jirani yake.

Sheila alitoa nakala ya akiba, akaikabidhi kamati. Akabadilisha mpangilio ili kolamu ikubali kuwa tupu, maana aliyeiunda hakuwahi kumfikiria mbuzi asiye na baba. Ikabaki amri ya kufuta, ya mstari mmoja. Hapo alisita. Mama yake, Kiende, alikuwa na mtamba aliyekuwa mwana halisi wa Jemedari, pengine wa pekee. Sharti dogo tu kwenye amri lingemnusuru. Hakuliongeza. Kolamu ikawa nyeupe kutoka juu hadi chini.

"Umemfanya mtamba wangu mwana haramu," Kiende alimwambia jioni, akikamua. "Watu wa Embu hawamtaki bila baba. Basi mpigie Rashid, aje na kisu." Rashid ana bucha mjini Meru.

"Tafuta shahidi, mama."

"Shahidi ninaye. Ni ua wangu."

Ua ulikuwepo, umelala chini. Enzi za uhai wake Jemedari alikuwa amekata kamba, akauangusha, akala nyasi za mabingobingo za Kiende, kisha akafanya lililomleta kwa mama wa mtamba huyo. Ili asiulipe ua, Mzee Mbae aliapa mbele ya majirani kwamba yule hakuwa beberu wake. Wake alikuwa zizini, amefungwa.

Siku ya kuandikisha walijitokeza wachache. Wengi walikuwa wamegundua kwamba hawamjui baba wala shahidi. Mwenyekiti alikaa mahali pake pa kawaida, akiitazama kolamu kwenye skrini. Jina la Jemedari halikuwamo hata mara moja.

Kiende akafika mezani.

"Baba ni nani?" Sheila akauliza, kama anayemhoji mgeni.

"Muulize mzee huyo. Mimi niliambiwa si Jemedari."

Foleni ikaguna. Njue, mfugaji aliyekuwa nyuma yake, akadakia, "Mzee, chagua. Ua au ukoo!"

Mzee Mbae akakohoa. Akaitazama skrini tena.

"Siku ile," akasema, "kamba ilikuwa imezeeka."

"Hilo si jina," Sheila akasema.

"Andika Jemedari."

"Shahidi?"

"Mimi."

Mtamba alikwenda Embu akiwa na cheti chake. Ua wa Kiende una nguzo mpya, zilizochimbiwa na mwenyekiti mwenyewe, Kiende akiwa amesimama kando akimwonyesha zilizolegea. Katika kolamu nzima Jemedari ana mtoto mmoja. Wengine wengi hawana baba bado, na maziwa yao hayajapungua.