Bipu Moja ya Alfajiri

Pale Mchafukoge, kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee Chandu, kuna fundi wa magodoro ya sufi anayeitwa Twaha. Ukipita asubuhi utamkuta kakaa kwenye jamvi, ndevu zimejaa nyuzi za sufi, hujui zipi mvi na zipi kazi. Mkononi ana shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Mwaka wa ishirini na sita huu yuko hapo. Siku hizi watu wanalalia sponji, lakini wapo wazee wa mjini, Waswahili na Wahindi, ambao shingo zao hazikubali mto mwingine, na hao ndio wateja wake.

Simu aliyokuwa nayo ilikuwa kitochi, kimefungwa mpira kama fungu la mchicha ili betri isidondoke. Hakikuwa na kazi nyingi. Mteja akipiga, sawa. Asipopiga, sawa pia. Ila kila alfajiri kilikuwa na kazi moja ambayo Twaha asingeibadilisha na kitu chochote.

Dada yake, Salma, anakaa Kilwa Kivinje, peke yake, katika nyumba ya wazazi wao. Amempita Twaha miaka sita, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea. Mume wa Salma alipokufa, ndugu hawa wawili waliwekeana utaratibu. Salma akishaswali alfajiri, anabipu. Mlio mmoja, anakata. Maana yake, nimeamka mzima. Twaha naye anabipu, mlio mmoja, anakata. Basi, kila mtu anaendelea na siku yake. Hakuna kupokea, maana ukipokea umemlia mwenzio vocha. Miaka kumi na minne wamekwenda hivyo. Na lilikuwepo sharti moja zaidi: bipu ya saa nyingine yoyote ni msiba. Ilitumika mara moja tu, siku aliyofariki kaka yao mkubwa, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumbipu mwenzake mchana.

Basi Jumanne moja, Husna, binti yake Twaha, akaja na simu ya kupangusa.

"Baba, hicho kitochi kipumzishe. Watu wananicheka."

"Wanakucheka wewe, simu yangu mimi?"

"Ndiyo! Wanasema fundi Twaha ana binti au hana?"

Akahamisha laini, akamwonyesha pa kupokelea, pa kupigia, pa kutazama picha za wajukuu. Shida ikawa vidole. Vidole vya Twaha vina sugu za shazia, vigumu kama kwato, na kioo hakikuvihisi kabisa. Alipangusa, simu ikatulia. Akapangusa tena, simu ikatulia vilevile.

"Hainijui hii," akasema.

"Jaribu kidole cha mwisho, baba."

Kidole cha mwisho hakishiki sindano, kimebaki laini kama cha mtoto. Kikakubaliwa. Wachukuzi waliokuwa wakipita na mkokoteni wakamwona mzee kanyanyua kidole kidogo hewani, wakapiga kelele, "Mzee Twaha, unakunywa chai ya kizungu?" Akacheka nao.

Wakati wa kuondoka Husna akamwachia neno. "Ikikuuliza kitu, we kubali tu, baba. Hizi simu zina maswali mengi mwanzoni."

Jumatano alfajiri simu ikalia mlio mmoja, ikakatika. Jina la Salma halikutokea, maana majina yote yalibaki ndani ya kitochi, lakini ile namba Twaha anaijua kama anavyoijua Fatiha. Akafurahi. Akatafuta kidole chake cha mwisho, akajibu bipu. Palepale kioo kikaleta maandishi na vitufe viwili. Miwani ilikuwa mbali. Akakumbuka maneno ya binti yake, akakubali, akaenda kuchemsha chai.

Alhamisi bipu haikuja.

Akakaa kitandani, simu juu ya goti, mpaka jua likachomoza. Akajiambia ni mtandao. Akajiambia vocha imemwishia. Alitaka kubipu yeye, kidole kikafika karibu kabisa na kioo, akakirudisha. Jua limeshatoka. Salma akisikia mlio saa hizi ataanguka pale uwani, na alivyo na presha, nani wa kumwinua? Siku hiyo alishona mto wa Mama Jasvanti akasahau kutia sufi upande mmoja.

Ijumaa haikuja tena. Ilipofika saa moja asubuhi Twaha akafanya ambalo hakuwahi kulifanya tangu utaratibu ule uanze. Akapiga, si kubipu. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga mara saba. Mara zote ni mwanamke yuleyule, mpole, hana habari na mtu.

Baraza lilikuwa na godoro lililopasuliwa, sufi imetapakaa. Twaha akaliacha hivyo akaingia dukani kwa Chandu. Alimkuta Ekta, mke wa mtoto wa Chandu, akipima kitambaa.

"Shikamoo, mzee Twaha. Mbona hivyo? Unaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie hii simu. Dada yangu... nadhani dada yangu kaondoka."

Ekta akaweka mita chini, akaichukua simu. Akapangusa hapa, akafungua pale, akakunja uso.

"Mzee, hii namba inayoishia sitini na tatu ni ya nani?"

"Yake!"

"Umeifungia. Angalia, iko kwenye orodha ya waliofungiwa. Mtu akipiga mlio mmoja na kukata, simu hizi zinadhani ni tapeli. Itakuwa ilikuuliza kama umfungie, ukakubali."

"Tapeli? Dada Salma?"

"Ndivyo simu ilivyodhani, mzee. Sasa sikiliza. Jana amekupigia mara tano. Leo mara sita. Ya mwisho leo, saa kumi na moja na dakika hamsini."

Twaha akakaa juu ya bunda la vitambaa bila kuomba ruhusa. Saa kumi na moja na dakika hamsini. Basi alfajiri ya leo alikuwa hai. Alikuwa hai, anabipu, na yeye ndugu yake hajajibu, siku mbili. Hapo ndipo lilipomwingia. Kumbe na kule Kivinje kuna mtu amekaa na simu gotini.

"Mfungulie, mwanangu. Mfungulie upesi."

Ekta akamfungulia. Wakapiga. Haipatikani. Ekta akamletea maji, akanywa nusu, nusu ikamwagikia kanzu aliyovaa kwa ajili ya Ijumaa. Msikitini alikwenda, akaswali, lakini alikuwa akigusagusa mfuko.

Alipokuwa anarudi, umati wa waliotoka kuswali umejaa barabarani, akaona bajaji imesimama mbele ya baraza. Anashuka bibi mwenye baibui jeusi na kikapu cha ukindu, mguu mmoja mzito. Bibi akaliona lile godoro lililopasuliwa, sufi imetapakaa, hakuna fundi. Akashika ukuta.

"Dada!"

Salma akageuka. Akamtazama kutoka kofia mpaka makubazi, kama anayekagua bidhaa.

"We Twaha, u mzima?"

"Mzima. Shikamoo, dada."

"Shikamoo ya nini!" Kubazi lilikuwa mkononi tayari, likatua begani kwa Twaha mara mbili. "Siku mbili! Siku mbili naita, simu inanikatia usoni! Namba ya Husna ilikuwa kwenye daftari, mchwa wamekula. Nimepanda basi alfajiri, betri imekufa njiani, nalia mpaka kondakta akanipa soda. Nikasema namkuta keshazikwa!"

"Simu, dada. Ilidhani wewe tapeli."

"Tapeli mama yake aliyeitengeneza!"

Ekta alikuwa mlangoni, anacheka na kufuta macho kwa upande wa sari.

Jioni, chumbani kwake, Twaha akaichomeka simu ya dada yake kwenye chaji, akafungua kikapu amsaidie kutoa vitu. Nazi nne, dagaa, kichupa cha mafuta ya kuchulia goti. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, kinanukia karafuu. Alikitambua. Ni sanda ambayo Salma alijiwekea mwenyewe miaka mingi sandukuni, na amembebea yeye. Akakifunika kwa dagaa.

"Nazi hazijapasuka hata moja," akasema.

"Nilizipakata," akajibu Salma, anatazama dirishani.

Akamwachia dada yake kitanda, yeye akalala ukumbini juu ya godoro la mteja. Alfajiri, baada ya adhana na swala, palikuwa kimya. Simu ikalia mlio mmoja, ikakatika.

Twaha akatabasamu gizani. Akanyoosha kidole cha mwisho, akabipu. Akasikia kitochi cha Salma kikilia upande wa pili wa mlango, mara moja, kikanyamaza.

Kisha sauti ikatoka chumbani, nzito ya usingizi.

"Marahaba."