Mlango wa nyuma

Mwezi uliopita nilikwenda kumchukua binti yangu katika shule moja ya msingi hapa Gisenyi, nikakuta mafundi wakijiandaa kuongeza madarasa mawili. Fundi mmoja alikuwa ameanza kuziba kwa matofali mlango wa nyuma wa darasa la zamani, ili jengo jipya liungane na ukuta ule. Mama mmoja muuza samaki, ambaye mwanawe anasoma humo, alitua beseni lake, akamshika fundi mkono.

"Acha huo mulango, kaka."

Mwalimu mkuu akaja haraka. "Mama, iko shida gani? Darasa iko na mulango ingine mbele."

"Siku ile bunduki zililia pale mbele, watoto walitokea hapa. Wangu pia alitokea hapa."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Bon, sawa," akamwambia fundi. "Toa hizo tofali. Tutasogeza msingi ya darasa mpya, tuache njia hapa nyuma."

Mama akajitwika beseni, akashuka kuelekea sokoni.

Juzi mkaguzi alikuja kutazama kazi. Akauliza kwa nini kila darasa jipya lina milango miwili.

"Ni kwa ajili ya hewa," mwalimu mkuu akajibu.

Mkaguzi akamsifu kwa kujali afya ya watoto. Wazazi tuliokuwepo tukatikisa vichwa kukubali kwamba ndiyo, hewa ni kitu cha maana sana.