Blanketi la Mutindi Mbele ya Kamera

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1974, Wariara aliketi kwenye cherehani yake saa moja na nusu asubuhi na kuinuka saa kumi kasorobo, blanketi la viraka likiwa tayari. Alisimama mara mbili tu: dakika ishirini za kumnyonyesha mtoto, na robo saa ya chai. Zilikuwa saa saba na dakika arobaini za kazi. Aliyezihesabu ni Mutindi, ambaye cherehani yake ilikuwa pembeni tu, na hesabu hiyo aliirudia mbele yangu mara nyingi hata nikaikariri bila kutaka.

Sisi watatu tulishonea katika baraza moja la maduka ya Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi mwaka uliotangulia, na kazi yangu ilikuwa vifungo na mapindo. Mutindi ndiye aliyekuwa fundi wa mji. Alisomea ushonaji Kitui, na kwa miaka mingi hakuna bibi harusi wa Salama aliyevaa gauni lililoshonwa na mkono mwingine. Kisha Gachanja, mwenye hoteli ya chai, akaoa, na mkewe Wariara akaja kutoka Nyeri na cherehani yake.

Wariara alicheka na wateja. Alishona upesi, na nguo ilikuwa tayari siku aliyoitaja. Alipoondoka kwenda kupika, Mutindi alizichukua nguo zake, akazigeuza ndani nje na kuzikagua.

"Hebu tazama," aliniambia siku moja. "Huu ni mshono, au kuku amepita hapa?"

Nilitazama. Mshono haukuwa na kosa, nami nikarudi kwenye vifungo vyangu.

Mwezi wa nane Jonah, katibu wa kanisa, alimletea Mutindi habari. Kanisa lilitaka kufungua darasa la ushonaji la wasichana, na lilitafuta mwalimu mmoja. Kila mwombaji angeshona blanketi la viraka, apigwe picha akiwa nalo, na picha hizo zipelekwe kwa kamati Machakos. Wariara alikuwa amempeleka mtoto kliniki siku hiyo, kwa hiyo Jonah alimwomba Mutindi amwarifu. Mutindi aliitikia, lakini hakumwarifu.

Kwa wiki tano alishona nyumbani kwake. Alichagua nyekundu na kijani, akazipanga kwa kufuata mistari iliyosukwa kwenye kiondo cha mamake: mwembamba, mpana, miwili myembamba, mpana tena. Kila kipande alikikata kwa kipimo cha karatasi ngumu, akakipiga pasi kabla na baada ya kukiunga. Upande wa nyuma alitia kitambaa cheupe, akakipitishia uzi mweusi kwa mkono, mishono midogo kama punje za wimbi. Sijaona kazi nzuri kuliko ile.

Siku ya Ijumaa, jioni, Jonah alipita barazani. "Mama Wanjiro," alimwambia Wariara, "blanketi lako liko wapi? Mpiga picha anakuja kesho."

"Blanketi gani?"

Jonah alimgeukia Mutindi. Mutindi alikuwa akitunga sindano, na jioni hiyo tundu la sindano lilimpa taabu kubwa.

"Pengine dada alisahau," Wariara alisema baada ya kuelezwa. "Si neno. Nitashona kesho."

"Kwa siku moja?" Mutindi aliuliza bila kuinua uso. "Utatoa kitambaa cha kufunikia ugali."

"Basi kamati itakula."

Asubuhi Wariara alimwaga chini mabaki yote aliyokuwa nayo. Yalikuwa ya aina mbili tu: kitambaa cha buluu iliyokolea cha sare za shule, na mifuko myeupe ya unga kutoka hotelini kwa mumewe. Hakuchagua, kwa kuwa hapakuwa na cha kuchagua. Aliunganisha viraka vya mraba viwili viwili, cha buluu na cheupe, jozi baada ya jozi, bila kukata uzi, mpaka vikaning'inia nyuma ya cherehani kama shanga. Ndipo akavitenganisha kwa mkasi. Mutindi hakushona hata pindo moja siku hiyo. Alitazama saa.

Bishar, mpiga picha, alifika saa kumi. Kwao Garissa wote walikuwa wafanyabiashara wa ng'ombe, na yeye peke yake alipendelea kamera. Ndani palikuwa na giza, kwa hiyo tulitoka hadi uwanjani nyuma ya maduka. Watu wawili wangeshika pembe za blanketi, na mwenyewe asimame mbele. Mutindi alitaka kuanza, jua lingali zuri. Wariara na mimi tukashika.

Bishar alichungulia, akashusha kamera. "Mama, hili lina mistari?"

"Kwani huna macho?"

"Mimi ninayo. Filamu yangu ni ya nyeusi na nyeupe. Nyekundu yako na kijani chako zitatoka rangi moja. Geuza huo upande mweupe, mishono yako ionekane."

Mutindi aliitazama glasi ya chai iliyokuwa juu ya jiwe karibu na miguu ya Bishar. "Hiyo chai umepewa na nani?"

"Imetoka hoteli ya Gachanja."

"Basi ushauri wako mpelekee Gachanja. Mimi nipige picha."

"Dada, nadhani anasema kweli," Wariara alisema akiwa pembeni. "Tuligeuze tu tuone."

Kama Wariara angenyamaza, huenda Mutindi angeligeuza. "Piga," alisema.

Ilipofika zamu ya Wariara, Mutindi alishika pembe moja nami nyingine. Aliivuta kwa nguvu hata nikayumba, macho yake kwenye maungio. Hakuna uzi ulioachia.

"Polepole, dada," Wariara alisema. "Hilo si fahali."

Picha zilirudi Jumamosi iliyofuata. Miraba ya Wariara ilionekana hata ukiishika picha kwa mkono ulionyooshwa. Katika picha nyingine uso wa Mutindi ulitoka vizuri sana, na nyuma yake palikuwa na kitambaa cha kijivu, kama blanketi la jela.

"Umeiharibu," alimwambia Bishar.

"Sikuiharibu, mama. Ndivyo kamera ilivyoona."

Mutindi alitaka apigwe nyingine, lakini Jonah alikuwa akisafiri na bahasha ya picha siku hiyohiyo. Kamati ilimchagua Wariara. Mutindi alihamishia cherehani yake ng'ambo ya barabara, nami nikamfuata, kwa sababu mishono yake ndiyo niliyotaka kujifunza.

Septemba 1975 Bishar alikuja na filamu ya rangi kwa mara ya kwanza. Mutindi alikuwa wa kwanza kumwita. Wariara alivuka barabara kutoka darasani, akajitolea kushika pembe. Mutindi alimwambia hapana haja. Blanketi lake alikuwa amekwisha kulifunga kwenye waya wa kuanikia nguo, pembe zote mbili, peke yake.