Madirisha ya Mbele, River Road

Enzi zetu mvua haikuishia nje. Tuliishi ghorofani, juu ya duka la baba la vitambaa, River Road, katika jengo kuukuu lenye madirisha ya mbao: vibao vyembamba vimelazwa mshazari, hewa ipite na jua lisipite. Bibi, mama yake baba, aliyapenda mno. Alikaa hapo na buibui lake, akiwaona wapita njia wote wala wao wasimwone, huku harufu ya mahamri ikitoka jikoni.

Lakini mbao zilikuwa zimeoza. Kila masika maji yaliingia, ukuta ukaota ukungu, na mama akaanza kukohoa hadi kushika mbavu. Tulilala tukimsikiliza.

Mwaka mmoja baba akachoka. Akaita fundi, akang'oa mbao, akatia alumini na vioo. Mama alilala fofofo. Bibi alinuna.

Haikupita wiki, akaja afisa wa majengo ya kale, kijana mpole mwenye viatu vya matope.

"Mzee, hii nyumba inalindwa. Dirisha ya mbele haibadilishwi. Itabidi urudishe za mbao."

"Mke wangu anaumwa kifua," baba akasema. "Na yeye analindwa na nani?"

Kijana akampa barua ya ofisi. "Mimi nimetumwa tu, mzee."

Mbao zikarudi, zimepakwa rangi mpya, na maji nayo yakarudi. Baba hakugombana tena. Siku moja baada ya swala ya alasiri alisema tu, "Fungeni vitu." Tukahamia nyumba ya kupanga mtaa wa Jamhuri, kavu, kimya. Kifua cha mama kikatulia. Bibi alikaa kwenye dirisha la kioo mara moja, akaona majirani wanamtazama, akavuta pazia. Hakulifungua tena mpaka alipofariki.

Jengo lingali pale. Vijana wa leo husimama chini yake kujipiga picha, midomo wameibinua, wakisema hapo ndipo palipo na Nairobi ya kweli. Juzi nilimwonyesha mama picha moja kwenye simu.

"Nyumba nzuri," akasema. "Kwa asiyelala ndani."

Akanirudishia simu. Kwangu, mtaani Mutuini, hapavuji hata tone, na wanangu, kila mmoja chumbani kwake, hawajui kuogopa wingu. Ila kule River Road chumba kimoja tulijaa watu sita, na siku hizi nakula chakula cha jioni peke yangu.